Sura Iliyogoma

Jumatatu, 24 Februari

Mswada wa Lucien Marcotte umerudi leo ofisini. Kurasa mia nne sitini na mbili. Kila nilipoandika maoni yangu kwa kalamu nyekundu, yeye kaandika neno moja kwa penseli: Hapana. Nilifika hapana ya mia mbili nikaacha kuhesabu. Ukurasa wa thelathini na moja nilikuwa nimeandika, "Sentensi hii ni nzuri mno." Hapo pia kaandika hapana.

Sura ya mwisho haimo. Riwaya inafika pale ambapo Rosalie, mke wa mfugaji Armand, amelala kitandani mgonjwa wa kufa, na mumewe ametoka kwenda kumwita daktari. Kisha karatasi nyeupe. Chini yake: "Inakuja." Imekuwa ikija tangu mwaka juzi.

Hollis, mkuu wangu, alifunga mlango wa ofisi yake kwanza ndipo akasema, "Noreen, panda gari umfuate huko huko Vermont. Watu wamekingoja kitabu chake cha pili miaka kumi na minne. Tusipokipata mwisho wa Aprili, wenye kampuni wanaifunga idara ya riwaya. Mimi na wewe tutabaki kuhariri vitabu vya mapishi."

"Mimi napenda vitabu vya mapishi."

"Wewe hujui hata kuchemsha yai."

Kweli.

Alhamisi, 27 Februari. Vermont

Saa nne za kuendesha gari, na ya mwisho niliimaliza nikiwa nimekamatia usukani kama mtu anayezama. Nyumba zao mbili zinatazamana kuvuka barabara ya vumbi ambayo sasa ni barafu tupu. Kubwa ni ya shangazi yake, Odile, mwenye miaka sabini na tisa, aliyenikodisha chumba cha juu. Ndogo ni yake.

Lucien alikuwa msituni akitoboa miti ya mepo na kutundika ndoo za kukingia utomvu wa kupikia shira. Mrefu, mabega yameinama, ndevu zina mvi upande mmoja tu.

"Wewe ndiye Tierney?"

"Ndiye mimi. Noreen."

"Nilidhani utakuwa mzee zaidi. Barua zako zinanuka mwalimu mkuu mstaafu."

"Na mimi nilidhani utakuwa na maneno mengi zaidi. Barua zako zina moja."

Hakucheka. Alinipa ndoo tatu nimshikie. "Utomvu ukianza kutoka, sikai chini mpaka uishe. Ukitaka kuzungumza na mimi, utazungumza ukiwa umebeba kitu."

Jioni Shangazi Odile alizitazama buti zangu kwa huruma ya kweli. "Mwanangu, hizo za mjini zitakufia kabla ya Jumapili." Akaniletea za marehemu mumewe. Zimenizidi saizi mbili. Navaa soksi tatu.

Ijumaa, 28 Februari

Baridi kali. Miti haijatoa kitu. Lucien naye hajatoa kitu.

Jumapili, 2 Machi

Nilimfuata kwenye zizi nikamwuliza sura ya mwisho iko wapi. Akasema, "Iko njiani." Nikamwuliza njia gani. Akasema, "Ndefu." Nikarudi ndani nikala maharage.

Jumatano, 5 Machi

Utomvu umeanza! Usiku uliganda, asubuhi jua likapiga, na kufikia saa tano msitu mzima ulikuwa unadondoka: ti, ti, ti, ndoo mia tatu, kila moja na sauti yake. Nimebeba ndoo mpaka viganja vimechubuka. Utomvu wenyewe ni maji tu. Ukiuonja unahisi kama kuna mtu aliyetaja sukari chumba cha pili. Unachemshwa galoni arobaini ili upate galoni moja ya shira.

Kibanda cha kuchemshia kiko nyuma ya nyumba yake: tanuri la matofali lenye urefu wa gari, na juu yake sinia pana la bati lililotengenezwa na baba yake. Mvuke unajaa mpaka humwoni mwenzako. Ndani ya mvuke huo ndipo nilipopata akili. Yeye hawezi kuondoka karibu na moto, na mimi sina haja ya kuondoka. Nikachukua mswada, nikakaa juu ya gogo, nikaanza kumsomea riwaya yake kwa sauti, kuanzia ukurasa wa kwanza.

"Unafanya nini?"

"Nasoma."

"Naijua. Niliiandika mimi."

"Uliiandika. Hujawahi kuisikia."

Nikaendelea. Kwenye ukurasa wa tisa, pale ambapo theluji "inaanguka kimya kama msamaha", nilisimama.

"Armand ana ng'ombe ishirini na mbili," nikasema. "Mtu wa ng'ombe ishirini na mbili akiona theluji hafikirii msamaha. Anafikiria nyasi alizobakiza ghalani."

Akatupa kuni mbili motoni. Akafunga mlango wa tanuri. Akaufungua tena bila sababu.

"Futa," akasema.

Nimeifuta haraka kama msichana wa mafunzo, kabla hajaghairi.

Alhamisi, 6 Machi

Kurasa hamsini. Futa kumi na moja. Hapana sita. Kurusha kitu ukutani, mara moja (kijiko).

Jumapili, 9 Machi

Leo nimeshindwa mimi, na niandike ukweli wake.

Kuna kurasa nne ambamo Armand anatengeneza geti la malisho. Bawaba, misumari, mbao, kurasa nne nzima. Nilikuwa nimezipiga mstari zote na kuandika pembeni: "Tumeelewa, ni geti." Lucien hakubishana. Alinipeleka nje kwenye geti lake lililolegea, akaniambia nilishikilie wakati anagongomea. Nililishika karibu saa nzima. Shangazi Odile alitoka barazani akamwita mara mbili, "Lucien! Simu!" Hakuitika. Alikuwa anapima bawaba.

"Umesikia unaitwa?" nikamwuliza.

"Nimesikia."

"Mbona huitiki?"

"Kwa sababu nikishika geti najua ninachofanya."

Nikarudi kibandani, nikazisoma upya zile kurasa nne. Katika zote, Rosalie anamwita mumewe kutoka dirishani. Nilikuwa nimeona bawaba, sikuona dirisha. Nikachukua kifutio, mimi mwenyewe, nikafuta maandishi yangu.

"Hamna shida," akasema bila kunitazama. "Hata mwalimu mkuu hukosea."

Jumanne, 11 Machi

Theluji tena. Shangazi ananifundisha kuchemsha yai. Anasema hajawahi kuona mtu mwenye digrii mbili akiogopa sufuria.

Jumatano, 12 Machi

Shangazi Odile alitwambia tupumzike nusu siku, la sivyo anatuzimia moto. Akamwaga shira ya moto juu ya theluji safi, ikaganda kama utepe, tukala kwa uma, na matango ya siki pembeni ili ulimi usichoke na utamu, na maandazi. Nilikula mpaka nikaona aibu. Lucien alikuwa na shira kwenye ndevu, upande ule wenye mvi.

"Una kitu hapo," nikamwambia.

"Kifute basi. Si ndiyo kazi yako?"

Shangazi akacheka mpaka akashika meza. Mimi nikacheka pia, halafu nikagundua kwamba tangu mume wangu Ray aondoke, miaka sita sasa, sikumbuki kucheka nikiwa na chakula mdomoni. Ray alisema ninamsoma kama mswada. Alikuwa sahihi. Nilikuwa nikitafuta mahali pa kukata.

Nimekaa hapa nikiandika jina la Lucien kwenye ukingo wa shajara kama mwanafunzi wa sekondari. Nimelikata.

Jumamosi, 15 Machi

Nimeharibu kitu kisichonunulika.

Tulifika ukurasa wa mia nne. Jua lilikuwa kali, utomvu ulitoka kwa fujo, moto ulikuwa umepamba. Kazi yangu, aliyonipa mwenyewe wiki iliyopita, ni kutazama kimo cha utomvu ndani ya sinia. Ukishuka chini ya alama, napiga kelele, anafungulia bomba la tangi. Ni kazi ambayo hata yeye anasema haihitaji digrii.

Lakini nilikuwa na neno kooni siku tatu, na leo likatoka.

"Lucien, Rosalie hasemi."

"Unasemaje hasemi?"

"Kurasa mia nne. Tunajua rangi ya viatu vyake, tunajua anavyokohoa, tunajua Armand anavyompenda. Lakini hana sentensi hata moja yake mwenyewe. Anaita tu dirishani. Ndiyo maana huwezi kuandika mwisho. Mwisho ni zamu yake, na wewe hujui atasema nini."

"Ndivyo alivyokuwa."

"Nani alivyokuwa?"

"Rosalie."

"Hapana. Umesema kama mtu anayezungumzia mtu aliyemjua."

Akageuka, akaupa moto mgongo. Mimi pia nilikuwa nimesimama, mswada mkononi, mgongo kwenye sinia. Tukatazamana. Sijui ni dakika ngapi tulikuwa tukipigiana kelele. Nakumbuka nilisema, "Unawaogopa wanawake unaowaandika." Nakumbuka alisema, "Wewe umekaa miaka ishirini ukikata vya wenzako kwa sababu huna chako." Halafu harufu.

Inafanana na harufu ya kaimati zilizosahaulika jikoni, lakini mara mia. Moshi mweusi ukatoka, sinia likiwa kavu upande mmoja, shira ikiwaka moto wa buluu. Lucien alirukia bomba, nikarukia ndoo ya theluji, tukamwaga vyote. Bati likalia kwa sauti kali, kama mtu. Kiungio kikayeyuka. Sinia lilipinda katikati, na utomvu wa siku nzima ukamwagikia motoni na kuuzima.

Tukasimama ndani ya mvuke.

"Baba alilitengeneza mwaka niliozaliwa," akasema. Sauti yake haikuwa na hasira, na hilo ndilo lililoniumiza zaidi.

"Nilikuwa natakiwa kutazama."

"Ndiyo. Ulikuwa unatakiwa kutazama."

"Lucien…"

"Nenda ndani, Noreen."

Jumapili, 16 Machi

Asubuhi nilimwuliza Shangazi Odile nani hapa jirani aliwahi kuchemsha na sasa hachemshi. Akasema Prudence Gage, upande wa pili wa mlima, aliyeacha baada ya kuvunjika nyonga. Nikaenda. Prudence alinifungulia mlango akiwa na fimbo na mbwa wawili.

"Wewe ndiye mhariri uliyeunguza sinia la Marcotte?"

"Habari imefika?"

"Mama, moshi wenu niliuona jana kutoka barazani kwangu."

Nilimwambia kila kitu, na kwamba kosa ni langu. Alinisikiliza mpaka mwisho, akanionyesha ghala. Sinia lake lilikuwa limefunikwa magunia, safi, limeng'aa. Tulilifunga juu ya gari langu kwa kamba ya kuanikia nguo, nikarudi kwa mwendo wa konokono, mlima mzima.

Lucien alikuwa barabarani. Akalitazama gari, akalitazama sinia, akanitazama mimi.

"Umefunga mafundo mabaya," akasema. Akaanza kuyafungua, moja moja, taratibu. Alipofika la mwisho akasema, "Asante."

Jumatatu, 17 Machi

Sinia la Prudence limekaa kwenye tanuri kama lilikatwa kwa ajili yake. Tulichemsha kimya mpaka saa nane mchana. Kisha akaniambia, akiwa anakoroga.

Mke wake aliitwa Simone. Alifariki miaka sita iliyopita. Hilo nililijua. Nisilolijua ni kwamba kile kitabu cha kwanza, kile ambacho wanafunzi wa vyuo wanakichambua, Lucien alikiandika akamwachia mezani, na Simone akakiandika upya. Si chote. Lakini ukurasa wa kwanza, ule ambao watu wanaujua kwa kichwa, ni wa Simone mwanzo mpaka mwisho.

"Nilitaka jina lake liwepo. Akakataa. Akasema yeye anataka kitabu, jina niweke mimi. Nami nikakubali haraka sana, Noreen. Hiyo ndiyo sehemu nisiyoipenda."

"Kwa hiyo hapana zote zile…"

"Nikikubali mara moja, sitajua pa kuacha. Na sijui kama mimi ni mwandishi au ni mtu aliyeoa mwandishi."

Nilitaka kumshika mkono. Nikatazama kimo cha utomvu. Kilikuwa sawa.

Jumatano, 19 Machi

Mvua. Tope limefika kwenye vifundo. Shangazi ameuliza kama ninakaa Pasaka. Nikasema Pasaka ni mbali. Akasema, "Nimekuuliza swali, sikukuuliza kalenda."

Alhamisi, 20 Machi

Tumemaliza kusoma. Ukurasa wa mia nne sitini na mbili, kisha karatasi nyeupe. Shira ilikuwa tayari, ikidondoka kutoka kwenye mwiko kama pazia. Lucien aliimimina kwenye debe, akafuta mikono, akakaa kando yangu juu ya gogo. Ni mara ya kwanza kumwona amekaa kibandani.

"Iandike wewe," akasema.

"Nini?"

"Sura ya mwisho. Wewe unamjua Rosalie. Mimi namjua Armand tu. Iandike, mimi nitaipitia, tuimalize."

Nilitakiwa kukataa pale pale. Niandike hapa, kwa kuwa hakuna atakayesoma, kwamba moyo wangu uliruka kwa furaha.

Ijumaa, 21 Machi

Nimeandika tangu baada ya kifungua kinywa mpaka saa tisa. Kurasa kumi na nne. Ni nzuri. Najua miswada, na najua hii ni nzuri.

Jumamosi, 22 Machi

Alisoma akiwa amesimama dirishani, midomo ikicheza kidogo. Nilimtazama uso. Nilingoja kuona furaha, na nikaiona, lakini chini yake kulikuwa na kitu kingine: ule utulivu wa mtu aliyeambiwa na daktari kwamba hahitaji tena kutembea, atabebwa.

"Ndiyo," akasema. "Noreen, ndiyo. Hii ndiyo."

Hapo nikamkumbuka Ione Brackett.

Sijawahi kuandika habari zake humu. Alikuwa na miaka ishirini na sita alipokuja na riwaya yake ya kwanza. Ilikuwa na makosa mengi na uhai mwingi. Nilikuwa na haraka, na nilikuwa hodari. Nikakata, nikashona, nikaandika upya sura tano. Kitabu kilipata tuzo. Siku ya sherehe alinikumbatia akasema, "Sijui nilichoandika mimi ni kipi." Nilidhani ni shukrani. Hajaandika tena. Nilimpigia mwaka jana. Anafanya kazi kwenye duka la miwani, akanijibu kwa adabu sana, kama mtu anayejibu benki.

Nikanyoosha mkono. "Nirudishie."

"Kwa nini?"

"Ni yangu. Siyo yako."

"Nimekubali iwe yangu."

"Ndiyo, haraka sana."

Alibadilika rangi. Nilijua nimepiga mahali aliponionyesha mwenyewe, tena kwa imani.

"Umekuja hapa kuchukua kitabu," akasema. "Sasa nakupa kitabu, unakikataa. Unataka nini hasa?"

"Nataka uandike vibaya. Andika vibaya mwenyewe, kisha tutaona."

"Na nikishindwa?"

"Utakuwa umeshindwa wewe. Sitakuwa nimeshinda mimi."

"Unajua kingine?" Sauti yake ilishuka. "Nilidhani umeiandika kwa ajili yangu."

"Niliiandika ili unipende," nikasema. "Ndiyo maana naichukua."

Ilitoka hivyo hivyo, kabla sijaipitia. Kuni zililia ndani ya tanuri. Sikungoja jibu. Nilikunja zile kurasa kumi na nne, nikatoka.

Jumapili, 23 Machi

Shangazi Odile alinikuta napanga mizigo.

"Unakimbia?"

"Naondoka, shangazi."

"Tofauti yake?"

"Anayekimbia hasemi sababu. Mimi nimemwambia."

Akakaa kitandani, akazikunja soksi zangu ambazo nilishazikunja. "Simone alikaa meza ile ile ya jikoni miaka mitatu akiandika kitabu cha mume wake. Nilimwambia, binti, weka na lako jina. Akacheka. Lucien naye alikuwa kijana, akaona ni sawa. Mimi nampenda mpwa wangu, lakini watu wamembebea mengi." Kisha akaniambia buti nibaki nazo.

Lucien alikuwa amesimama barabarani nilipoondoka. Sikupunguza mwendo. Ningepunguza, ningesimama.

Jumanne, 25 Machi. Boston

Hakuna habari.

Ijumaa, 28 Machi

Hakuna.

Jumatatu, 31 Machi

Nilimweleza Hollis ukweli wote, hata ule nisioulizwa. Alisikiliza akishika paji la uso.

"Subiri. Sura ya mwisho ipo? Imeandikwa? Na Marcotte kaikubali?"

"Ipo kwenye mkoba wangu."

"Noreen. Kuna watu sita kwenye idara hii. Mmoja ana mapacha."

"Najua."

"Ilete basi!"

Nilikwenda nayo mpaka mlangoni kwake, nikasimama. Akilini nilimwona Ione dukani, akifuta vioo vya miwani za watu. Nikaenda kwenye mashine ya kukata karatasi, ile iliyo kando ya birika la chai, nikailisha kurasa zote kumi na nne. Hollis alinitazama kupitia kioo. Hakunifukuza. Hakunisemesha pia.

Alhamisi, 3 Aprili

Hollis amenisemesha: "Maziwa yamekwisha."

Jumatano, 9 Aprili

Shangazi Odile amepiga simu. Utomvu umekwisha, miti imeanza kuchipua, na shira ya mwisho imenuka. Amesema Lucien kafunga kibanda, hatoki nyumbani, taa ya jikoni inawaka kutwa. "Anaapa mle ndani kama baharia. Mimi naona ni dalili njema." Sikuuliza zaidi. Nilitaka kuuliza zaidi.

Jumanne, 15 Aprili

Bahasha. Kurasa kumi na moja, mwandiko wa penseli, zimefutwa mpaka karatasi imetoboka mahali pawili. Hakuna barua.

Nilifunga mlango.

Rosalie anaongea. Armand amekwenda kumwita daktari, nyumba iko kimya, na mwanamke huyu aliyenyamaza kurasa mia nne anafungua mdomo. Ana hasira! Sikuwa nimefikiria hasira. Rosalie niliyemwandika mimi alikuwa mpole, alisamehe, alikufa kama mshumaa. Huyu anamlaumu Armand kwa kutomwuliza swali hata moja miaka thelathini. Anagawa viatu vyake. Anamtukana kasisi. Anacheka peke yake akikumbuka ng'ombe aliyeingia kanisani siku ya harusi yao. Na mwisho, anaposikia geti likifunguliwa, hasemi kwamba anampenda. Anasema, "Ngoja aingie, nimwambie yote haya tena mbele yake." Na hapo kitabu kinakwisha, mlango haujafunguliwa bado.

Kuna sentensi zinazochechemea. Kuna aya iliyokaa mahali pasipo pake. Nisingeweza kuiandika hata ningepewa miaka kumi.

Nililia kwenye meza ya ofisi. Hollis aliingia, akaona, akachukua ukurasa wa kwanza, akausoma amesimama. Akavuta kiti. Akasoma mpaka mwisho.

"Ni yeye?" akauliza.

"Ni yeye peke yake."

Akavua miwani, akaifuta kwa tai, akatoka. Baadaye nilimsikia akiwaambia wenye kampuni kwa simu, kwa sauti ambayo sijaisikia kwake miaka mingi, kwamba kitabu kiko hapa na waache upuuzi.

Jumatano, 16 Aprili

Nimefanya kazi yangu. Koma tatu, aya moja kuhamishwa, tahajia ya jina la kasisi. Na sentensi moja ukurasa wa saba.

Nimeisoma labda mara hamsini tangu jana. Katikati ya hasira za Rosalie, bila kubisha hodi, imeandikwa: "Ulipoondoka na gari lako kuelekea kusini, nilibaki nimesimama kwenye tope mpaka soksi zikalowa, na sikutaka kuingia ndani kwa sababu ndani ulikuwa umekwisha kutoka."

Ni sentensi bora kuliko zote kwenye sura. Na haimo kwenye kitabu hiki. Nilishika kalamu muda mrefu sana. Kisha nikampigia.

"Nimesoma," nikasema.

"Na?"

"Rosalie yuko hai. Sijui niseme nini kingine. Yuko hai, Lucien."

Nilimsikia akishusha pumzi. "Umekata mangapi?"

"Sentensi moja. Ukurasa wa saba."



"Ina kasoro gani?"

"Rosalie hajasimama tangu ukurasa wa mia tatu tisini. Hawezi kulowa soksi. Armand hajawahi kwenda kusini, na gari hana. Hiyo sentensi si ya Rosalie."

"Hapana," akasema taratibu. "Si yake."

"Imenibidi niifute. Ingebaki, kila msomaji angejikwaa hapo."

"Nilijua utaifuta. Usingeifuta, nisingekuamini tena." Akakohoa. "Sikujua niipeleke wapi nyingine. Nikajiambia, huyu mwanamke anasoma kila neno. Ataiona."

"Nimeiona."

"Na umeifuta."

"Kitabuni, Lucien. Nimeifuta kitabuni tu."

 Halafu nikasikia kiti kikisogezwa kwa nguvu, na nyuma yake sauti ya Shangazi Odile, aliyekuwa mle jikoni muda wote: "Amesema nini? Lucien! Mtoto huyu, amesema nini?"

Hakumjibu. Aliniuliza mimi, kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia, sauti ya mtu asiye na cha kushika mkononi: "Nikikisema kwa mdomo kile kilicho kwenye sentensi ile, bila penseli, utanisahihisha?"

"Kitabu cha tatu utatafuta mhariri mwingine," nikasema. "Mimi sitaweza."

"Sijakuuliza habari za kitabu cha tatu."

"Najua. Sema."

Akasema. Kwa kipimo cha sentensi kilikuwa kibaya: kilirudia neno moja mara mbili, kikasimama katikati, kikaanza upya. Sikukatiza. Nimemwambia naondoka Boston kwenda kwake Jumamosi asubuhi, na kwamba safari hii nitapunguza mwendo nikimwona barabarani.